Kaa Tu, Tutakuletea

Mtu mzima anayepoteza macho husikia pole nyingi katika wiki za kwanza. Nyingi hupita. Sentensi moja hubaki na kuhamia nyumbani kama mpangaji: "Kaa tu, tutakuletea." Maji ya kuoga, tutakuletea. Chakula, tutakuletea. Kiti kinavutwa kivulini, naye anashikwa mkono hadi kwenye kiti. Husemwa kwa mapenzi, na aghalabu husemwa na watu wanaomwonea uchungu kweli. Lakini nimekaa jirani na sentensi hiyo kupitia shangazi yangu wa Isevya, mjini Tabora, ambaye presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo hadi akabaki na jicho moja linalotofautisha mchana na usiku tu. Nimefika mahali pa kuamini kwamba sentensi hiyo humuumiza asiyeona kuliko mashimo yote ya barabarani.

Tuanze na mwili, maana ujasiri tutakaouzungumzia umejengwa juu yake. Binadamu husimama wima kwa kutegemea vitu vitatu: macho, mirija midogo iliyo ndani kabisa ya sikio, na hisia zinazopanda kutoka kwenye nyayo, vifundo na magoti. Macho yakijitoa, viwili vilivyobaki vinaweza kubeba kazi, ila lazima vizoezwe, na kiti hakiwezi kuvizoeza. Mtu akikalishwa miezi sita, misuli ya mapaja na nyonga hulegea. Hatua hufupika. Nyayo huanza kuburuzwa badala ya kunyanyuliwa, shingo huinama, mabega hukakamaa kwa kungojea kugonga kitu. Siku akiinuka kwenda uani, anajikwaa kwenye kizingiti alichokivuka miaka thelathini. Nyumba nzima inashtuka: "Si tulikwambia ukae?" Kukaa ndiko kulikomwangusha, na sasa kuanguka kumekuwa hoja ya kumkalisha zaidi.

Usingizi nao una habari yake. Mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni. Kwa mtu ambaye macho hayapokei mwanga kabisa, saa hiyo inaweza kuteleza siku baada ya siku, hata akajikuta macho makavu saa nane za usiku na kichwa kizito saa sita za mchana. Kuamka, kula na kutembea kwa saa zilezile kila siku huusaidia mwili kushika majira. Asiyetoka nje hana majira ya kushika. Ongeza uzito unaopanda, sukari na presha zinazomfuata mtu asiyejongea, na huzuni ya kukaa pembeni ya maongezi ya wengine. Tafiti za nchi nyingi zimekuta kwamba watu wenye matatizo ya kuona hufanya mazoezi kidogo kuliko wenzao na husumbuliwa zaidi na sonona. Mambo hayo mawili hupeana mkono: huzuni humzuia mtu kutoka, na kutotoka huiongeza huzuni.

Hapo ndipo ndugu na majirani hutoa ushauri ambao nauona umegeuzwa kichwa chini. Husema: kwanza ajipe moyo, akishapata moyo atatoka mwenyewe. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutoka katika vyanzo vinne: kufanya jambo mwenyewe na kulifaulu, kumwona mtu wa hali yake akilifaulu, kuambiwa na anayemwamini kwamba anaweza, na namna anavyousikia mwili wake, kama umetulia au unatetemeka. Chenye nguvu kuliko vyote, alisema, ni cha kwanza. Maneno mazuri ni chanzo hafifu, na ndicho sisi tunachokigawa kwa wingi. Moyo hauji kabla ya hatua. Mtu hupiga hatua ishirini akiwa na hofu, akarudi salama, na katika zile ishirini ndimo moyo unamopatikana.

Tabora yenyewe ina kumbukumbu ya kutembea kuliko miji mingi ya nchi hii. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, mji huu ulikuwa kiungo cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi waliipitia njia hiyo kwa miguu, kilo thelathini hivi begani, miezi kadhaa kwenda na kurudi. Wazungu wengi wanaotajwa katika historia yake walipita wakiongozwa, na mmoja wao alipita akiwa karibu kipofu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Waliposhika njia ya magharibi, macho ya Speke yalivimba kwa ugonjwa hata akawa haoni vizuri, na miguu ya Burton ikapooza ikabidi abebwe. Tarehe 13 Februari 1858 walifika juu ya kilima ambacho Ziwa Tanganyika huonekana kutoka hapo. Burton alimuuliza mmoja wa watu wa msafara wao, Sidi Mubarak Bombay, ule mstari unaong'aa kule chini ni nini, na Bombay akamjibu kwamba anadhani ni maji. Speke aliyekuja toka Uingereza kutafuta maziwa aliona ukungu na mng'ao tu.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Katika msafara ule, kuongozwa hakukuwa aibu ya mgonjwa peke yake. Kila mtu aliongozwa. Mbele alitembea kirangozi, na nyuma yake mstari ulinyooka mbali kiasi kwamba aliye mkiani hakuwa akimwona wa mbele. Kilichowaunganisha kilikuwa sauti: baragumu, ngoma, njuga, kengele zilizofungwa kwenye pembe za ndovu, na nyimbo za kupokezana. Mpagazi wa katikati, kichwa kimebanwa na mzigo, aliona visigino vya mwenzake na masikio yakamweleza mengine. Maelfu ya watu wenye macho mazima waliivuka nchi hii kwa kusikiliza. Speke naye alirudi Kazeh, akapata nafuu, na Julai 1858 akaondoka kuelekea kaskazini hadi akaliona ziwa lingine kubwa, upande wa Mwanza.

Mwaka huohuo wa 1857, wakati msafara wa Burton ukiwa ndiyo kwanza umeshika njia kutoka pwani, alifariki London mtu aliyeitwa James Holman. Alikuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza, akapofuka akiwa na umri wa miaka 25 hivi, miguu ikiwa tayari inamsumbua kwa maumivu. Waganga walimpa mapumziko. Yeye akagundua kwamba akipumzika anazidi kuumwa, na akisafiri anapata nafuu. Alipopita Ufaransa alijifunga kamba nyuma ya gari la farasi na kutembea akilifuata, kwa ajili ya kunyoosha mwili. Kisha akaizunguka dunia, akigonga ardhi kwa fimbo yenye ncha ya chuma na kusikiliza mwangwi. Miaka mia mbili iliyopita Holman alikuwa ameshaikataa "kaa tu".

Sasa turudi Isevya. Shangazi alipopoteza macho, aliyepewa kazi ya kumwongoza alikuwa mjukuu wake wa miaka kumi. Mandhari hii kila Mtanzania ameiona: fimbo moja, mtoto kashika ncha ya mbele, mtu mzima kashika ncha ya nyuma. Itazame kwa karibu. Mtoto hutembea kwa mwendo wa mtoto, anavuta, anasimama ghafla kutazama gari. Mtu mzima hufuata mkono ukiwa umenyooka mbele, mwili umeegemea, hajui kama mbele kuna shimo mpaka mtoto akumbuke kusema. Fimbo ambayo ingempa habari za ardhi imegeuzwa kuwa kamba ya kumvutia. Na asubuhi zote anazomsindikiza bibi sokoni na kanisani, mtoto yule hayuko darasani. Watu wawili wanapoteza kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Kuna namna bora, na ni rahisi mno. Asiyeona humshika mwongozaji mkono juu kidogo ya kiwiko, akatembea nusu hatua nyuma yake. Kiwiko husema kila kitu: kikishuka, kuna ngazi ya kushuka, kikirudi nyuma ya mgongo, njia ni nyembamba. Hapo anayeamua kushika au kuachia ni asiyeona. Wengi wetu hufanya kinyume, tunamkamata sisi na kumsukuma mbele kama mkokoteni. Kubadilisha nani anamshika nani hakugharimu hata shilingi, na mgongo wa mtu hunyooka mara moja. Nimeuona ukinyooka.

Kisha fimbo. Mwaka 1921 James Biggs wa Bristol, aliyepoteza macho kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamtambue. Katika miaka ya 1940 Richard Hoover, akiwafundisha askari wa Marekani waliopofuka vitani, aliirefusha na kuipa kazi mpya: fimbo inayofika kifuani, inayopunga kushoto na kulia kupita kidogo upana wa mabega, ikigusa upande wa kulia mguu wa kushoto unapotangulia, na kinyume chake. Fimbo hupita kwanza pale ambapo mguu utatua. Ni stadi inayotaka wiki nyingi za mazoezi, na kila mji una ugumu wake. Tabora ina mchanga. Ncha nyembamba huzama, na mchanga humeza mlio, kwa hiyo ncha nene inayoviringika juu ya ardhi hufaa zaidi kuliko kugonga. Masika huleta shida nyingine: mvua ikipiga mabati, sauti zote za mtaa huzimika, na madimbwi hufuta alama ambazo mguu ulizizoea. Shangazi mvua ikianza husimama chini ya baraza na kungoja ipite. Huo si woga, ni ujuzi.

Faida nazo zipo. Ardhi ya mji ni tambarare kwa sehemu kubwa. Miembe mikubwa ya barabarani hutoa kivuli kizito ambacho ngozi hukisoma: ubaridi umeanza, ndio mwembe wa kwanza, joto limerudi, njia panda iko karibu. Adhana, kengele ya kanisa, mashine ya kusaga, honi ya treni, kila kimoja kiko mahali pake. Na kuna salamu. Akisikia nyayo zinakuja, Shangazi hutanguliza "Mwangaluka", na sauti inayojibu humweleza ni nani na yuko umbali gani. Kinachomuudhi ni mchezo wa watu kumshika mkono na kung'ang'ania: "Nitambue! Mimi nani?" Humlazimisha mtu kufanya mtihani katikati ya barabara, na mtu aliyefeli mtihani huo mara tatu kwa siku moja ataona heri abaki nyumbani. Taja jina lako. Hilo nalo ni msaada wa mazoezi.

Mazoezi si lazima yawe ya uwanjani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watu wazima, wakiwemo wenye ulemavu, wajishughulishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa kasi ya wastani, yaani kasi ambayo unaweza kuongea ila huwezi kuimba, na siku mbili za kazi inayotia misuli nguvu. Sasa mfikirie mama anayetwanga. Mikono, mgongo, tumbo na mapaja vyote viko kazini, na hakuna anayekitazama kinu. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja kwa kupokezana, michi ikipanda na kushuka bila kugongana, wanaongozwa na mdundo tu. Ni kazi ambayo asiyeona anaiweza kama mwenzake. Lakini ndiyo ya kwanza kunyang'anywa: "Acha bibi, utaumia." Shangazi aliponyang'anywa mchi alikuwa bado ana nguvu ya kunishinda mimi. Aliporudishiwa baada ya miaka miwili, aliweza kutwanga kwa dakika tano, akaketi. Wiki ya pili zikawa kumi.

Vyanzo vya pili na vya tatu vya Bandura, yaani mfano na neno, vina kazi yao pia, na Afrika Mashariki ina mfano usio na mpinzani. Henry Wanyoike wa Kikuyu, Kenya, alikuwa fundi viatu na mkimbiaji kijana. Usiku mmoja mwaka 1995 alipatwa na kiharusi, na alipoamka alikuwa haoni isipokuwa chembe ya mwanga. Hakuinuka kesho yake akakimbia. Alipita miaka ya giza ya kweli, akafundishwa kufuma sweta katika chuo cha wasioona cha Machakos, na mbio zikarudi baadaye, akiwa amefungwa kamba fupi mkononi na mtu wa kukimbia naye. Mwaka 2000, kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Sydney, alikimbia mita 5,000 kwa kasi ambayo mwongozaji wake, aliyekuwa anaumwa, hakuimudu. Karibu na mwisho mwongozaji aliishiwa nguvu, na asiyeona akawa ndiye anayemvuta mwenye macho kuelekea kwenye mstari. Akashinda dhahabu. Athens mwaka 2004 alishinda mbili, mita 5,000 na 10,000.

Picha ile ya Sydney hunirudia kila ninaposikia mtu akisema asiyeona ni mzigo kwa anayemwongoza. Kamba ina ncha mbili. Hata hivyo nina tahadhari: bingwa wa dunia akitumiwa kumkemea bibi wa miaka sitini, hugeuka kuwa mzigo mwingine. Mfano unaomfaa Shangazi ni wa mtu wa mtaa wa pili aliyejifunza kufika kisimani. Kwa hiyo kuwakutanisha watu kuna thamani kubwa, kutembea watu wanne pamoja, au kucheza mpira wa kengele kama goliboli, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Timu mbili za watu watatu, wote wamefungwa vitambaa usoni, huviringisha mpira wenye kengele na kuuzuia kwa miili yao, watazamaji wakiwa kimya kabisa. Kwa nusu saa, asiyeona hahesabiwi kwa alichopungukiwa.

Tahadhari nyingine ni ya kitabibu. Sababu ya upofu hubadilisha zoezi. Mwenye presha ya macho afanye mwendo wa kasi kwa raha, maana huweza hata kuishusha kidogo, lakini akwepe kuinamisha kichwa chini kwa muda na kunyanyua vizito huku kabana pumzi. Mwenye kisukari kilichoharibu mishipa ya jicho asikurupukie vizito kabla ya kumwona daktari, kwa sababu mishipa hiyo huweza kupasuka na kuvuja damu. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho angoje aambiwe lini aanze. Na mwenye ualbino, ambaye mara nyingi uoni wake ni hafifu, atembee asubuhi au jioni, kofia pana kichwani.

Mjini Tabora ipo Shule ya Msingi Furaha, inayofahamika kwa kupokea watoto wasioona. Swali langu ni la mtu aliyepofuka akiwa na miaka 45, ambaye hana darasa la kuingia. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 20 inahusu kujongea kwa mtu binafsi na ya 30 inagusa michezo na burudani, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Katika mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengwa kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini mtu hukopeshwa mtaji wa kuuza karanga sokoni bila kufundishwa kufika sokoni. Mwalimu mmoja wa kutumia fimbo, akizunguka kata kwa kata, angeupa mkopo huo miguu.

Shangazi alichukua miezi minne. Wiki ya kwanza, mlangoni hadi mwembe wa kwanza. Nilitembea nyuma yake hatua tano, na alinikataza kusema. "Baba, nyamaza, unanifunika," aliniambia nilipotaka kumtahadharisha na baiskeli ambayo alikuwa ameisikia kabla yangu. Alianguka mara moja, goti likachubuka, akakaa siku mbili, siku ya tatu akaiomba fimbo. Juzi alifika mwenyewe kwa muuza michembe ya viazi. Alichovya mkono guniani, akauvunja mmoja kusikia ukavu wake, akapatana bei. Noti zake zimekunjwa kila moja kwa namna yake: ya elfu moja mara moja, ya elfu mbili mara mbili. Muuzaji alitazama kulia na kushoto, akamuuliza mtoto anayemwongoza yuko wapi.

"Yuko shule," akajibu, akaendelea kufungua noti.